Mawe ya Njiani na Majina Yasiyochongwa

Msafiri wa siku hizi hana macho ya kutazama kando ya barabara. Hupanda gari, akaweka mkoba wake magotini, akasinzia, akaamka mwisho wa safari; na ukimwuliza amepita nini njiani atakuambia amepita vituo vya petroli na vizuizi vya polisi. Mimi pia nilikuwa mtu wa namna hiyo kwa miaka mingi, ingawa kazi yangu ya ukarani hunipeleka huku na huku na mafaili. Mtu aliyenifumbua macho ni baba yangu mkubwa, naye hajui kusoma.

Ilikuwa hivi. Nilitumwa kutoka Kilifi kwenda Taveta kwa kazi ya ofisi, na kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga, maana ndiye mkubwa wa nyumba yetu tangu babu alipofariki. Aliposikia neno Taveta alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi utapita Maktau." Nikamjibu, "Ndiyo, baba, nitapita." Akasema, "Utazame mawe. Serikali huandika mawe. Ukiona jina lake uje uniambie."

Hakuwa na haja ya kunieleza ni jina la nani. Kila mtoto wa nyumba yetu analijua. Babu yangu alikuwa mtoto mchanga wakati baba yake alipochukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita, na yule baba hakurudi. Baada ya vita alikuja mwenzake mmoja, mwembamba kama ufito, akamwambia mjane kwamba mumewe alishikwa na ugonjwa wa tumbo huko mbele ya Maktau, mahali penye mibuyu, na kwamba yeye alimwacha amelala chini ya mti kwa kuwa msafara ulikuwa unaondoka. Habari zetu zote ni hizo. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu wazee hawajaniruhusu kulitia gazetini.

Basi safari hiyo sikusinzia.

Jiwe la kwanza si jiwe, ni kengele. Atokaye Malindi au Kilifi, akikaribia daraja la Nyali, hupita njia panda iitwayo Kengeleni. Mamia ya watu hushuka hapo kila siku wakibadilisha magari, na wachuuzi huuza ndizi na maji, lakini ni wachache wanaoinua uso kuitazama ile kengele ambayo mahali pale pamepata jina lake kwayo. Mtaa ule ni Freretown, ulioanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society katika miaka ya 1874 na 1875 ili kuwakalisha watu walionasuliwa katika majahazi ya watumwa baharini. Uliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kumshawishi Sultani wa Unguja aifunge biashara ile. Kengele iliwekwa ili ipigwe wenye kuwinda watu wakionekana wanakuja. Mahali hapo, kwa hiyo, mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja alilala usiku akisikiliza chuma. Nilisimama pale dakika kumi na begi langu, na kijana mmoja wa matatu akaniuliza kama nimepotea.

Ukivuka daraja na kuingia kisiwani utaona katika barabara kuu, iitwayo sasa Jomo Kenyatta, sanamu za shaba za askari wa Vita Kuu ya kwanza. Nairobi kuna ndugu zake, watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Na Dar es Salaam yupo askari peke yake na bunduki yake mbele. Ukumbusho wa Dar es Salaam na wa Mombasa ni wa mwaka wa 1927, ule wa Nairobi ulizinduliwa mwaka wa 1928. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Husema kwamba ukumbusho huu ni wa askari wa Kiafrika waliopigana, na wa wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliokufa katika vita vile. Mwisho husema kwamba mtu akifa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nilizunguka ukumbusho ule pande zote. Maneno ya kuwa majina yatakumbukwa nimeyaona, majina yenyewe sikuyaona. Hakuna hata moja.

Ni haki kumtaja Kipling kwa jambo moja zaidi. Yeye naye alikuwa baba aliyepotelewa. Mwanawe wa pekee, John, aliuawa huko Loos, Ufaransa, mwaka wa 1915, akiwa kijana wa miaka 18, na Kipling alikufa mwaka wa 1936 bila kujua kaburi lake liko wapi. Lakini jina la kijana yule lilichongwa ukutani kule Loos pamoja na majina ya maelfu wengine ambao miili yao haikupatikana. Kwa hiyo ilikuwa inajulikana, hata wakati ule, jinsi ya kumfanyia mtu asiye na kaburi.

Wasomaji wa bara huenda wataniuliza mtu wa Giriama alifikaje katika vita vya Wazungu. Habari hiyo inaanzia kabla ya vita. Katika mwaka wa 1913 serikali ilitaka kodi ya nyumba, ikataka na vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba na mijini, na Wagiriama hawakuona sababu ya kutoa watoto wao. Mama mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijiji akiwaapisha watu wasikubali. Alikamatwa mwaka ule ule, akapelekwa Kisii, mbali kabisa na pwani, lakini akatoroka na kurudi kwa miguu. Tarehe 4 Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, kwa baruti. Na siku hiyo hiyo, huko Ulaya, Uingereza ilitangaza vita na Ujerumani. Watu wakainuka, wakapigwa, nyumba zikachomwa. Walipoomba amani walitozwa faini ya rupia 100,000, tena wakatakiwa watoe wanaume 1,000 wa kazi ya uchukuzi. Baba yake babu yangu alikuwa katika hesabu hiyo. Hakuipenda bendera yo yote, wala hakujua Mjerumani ni mtu gani.

Leo sanamu ya Mekatilili imesimama Malindi. Katika mji huo huo ipo nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika mwaka wa 1498, nguzo ambayo watalii huitafuta kwanza. Nafurahi kwamba mama yule naye amepata mahali pa kusimama. Wale elfu moja waliotozwa kama faini hawajapata.

Sasa nirudi njiani. Ukitoka Mombasa na kupita Mariakani unaingia nyika ya Taru, nchi ya miiba na udongo mwekundu, ambayo wapagazi wa zamani waliiogopa kwa kukosa maji. Katikati yake pana kituo kiitwacho Mackinnon Road, kwa jina la Sir William Mackinnon, mkuu wa ile kampuni iliyotawala nchi hii kabla ya serikali. Alikata barabara ya mikokoteni kutoka pwani kwenda bara, nayo imekufa; jina limebaki kwa sababu reli ililichukua. Lakini gari letu halikusimama kwa ajili ya Mackinnon. Lilisimama kwa ajili ya msikiti ulio kando ya reli, ambamo amezikwa Sayyid Baghali, Mhindi aliyekuja kufanya kazi ya kujenga reli. Husimuliwa kwamba alipokuwa akichukua karai la mchanga, karai lile halikugusa kichwa chake, bali lilielea juu yake hewani. Madereva wa magari makubwa husimama pale, wawe Waislamu au Wakristo, wakatoa sadaka kidogo na kuomba safari njema. Dereva wetu, ambaye ana msalaba ukining'inia kwenye kioo, alishuka naye.

Mimi nimesomea shule ya misheni na karai linaloelea si habari ninayoweza kuitia sahihi. Walakini nilipokuwa nikimngoja dereva niliwaza kwamba katika njia nzima kutoka Mombasa hata Taveta, mfanya kazi anayejulikana kwa jina na kuheshimiwa na wapita njia ni huyu mmoja, naye amekumbukwa kwa sababu mzigo wake haukumlemea. Wale waliolemewa ni wengine.

Pale Voi njia hugawanyika. Ya kulia huenda Nairobi, ya kushoto huenda Mwatate, Bura, Maktau na Taveta, kilomita 110 hivi, nayo ni ya lami siku hizi. Kabla ya kushika ya kushoto niliingia katika makaburi ya vita yaliyopo mjini Voi, ambayo hutunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Majani yamekatwa, mawe meupe yamepangwa kwa kamba. Humo amelala Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyekuwa katika jeshi la Waingereza. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kikosi chake kilizidiwa, naye alikuwa amejeruhiwa mguu. Walipotaka kumchukua alikataa, akabaki na majeruhi wengine wasioweza kutembea, akitumaini kwamba adui akimwona ofisa atawahurumia wote. Hawakuhurumiwa. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa, iliyo kubwa kuliko zote. Nilisoma jiwe lake mara mbili, nikavua kofia. Mtu aliyekataa kuwaacha wenzake apewe heshima yake, na mimi siwezi kumnung'unikia kaburi lake.

Sababu ya vita kufika huku ni rahisi kuieleza kwa mtu aliye na ramani. Taveta iko mpakani, chini ya Kilimanjaro, na Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika waliitwaa katika mwezi wa Agosti 1914, vita vilipokuwa havijapata majuma mawili. Kutoka pale walituma vikosi vidogo kupita porini usiku na kutia baruti chini ya reli ya Uganda. Waingereza walifanya ngome Voi, kisha wakaanza kutandika reli nyingine kuelekea Taveta, ikafika Maktau katika mwaka wa 1915. Reli ilikuwa ya lazima kwa sababu nchi haina maji, na maji ya jeshi zima yalipaswa kuletwa kwa mabomba na kwa magari.

Lakini reli huishia mahali, na askari huenda mbele yake. Hapo ndipo alipotakiwa mchukuzi. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o kwa maelfu. Mtu hakufa upesi kama wao. Nami kwa tabia ya ukarani nilifanya hesabu ndani ya gari nyuma ya bahasha. Tufanye kwamba mtu amebeba unga ratili 50, na kwamba yeye mwenyewe anakula ratili mbili kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi amekwisha kula ratili 40 katika zile 50, na askari aliyepelekewa chakula amepata ratili kumi. Ili askari mmoja ashibe porini walihitajika watu wengi nyuma yake, na nyuma ya hao wengine wa kuwalisha. Ndiyo maana jeshi liliendelea kumeza watu. Mwaka wa 1917, vita vilipokuwa vimehamia kusini kabisa mwa Tanganyika, serikali ya Kenya ilimtuma John Ainsworth kukusanya wachukuzi kwa nguvu nchi nzima, Nyanza, Ukikuyu, Ukamba na pwani. Kwa pande zote za vita, katika Afrika Mashariki, wachukuzi huhesabiwa kuwa karibu milioni moja.

Hawakuuawa zaidi na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na kichomi cha milima ya baridi, na unga wa mahindi usiosagwa vizuri wala kupikwa ukaiva, ambao watu waliozoea mtama na ndizi walishindwa kuumeng'enya. Hesabu za serikali yenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000 katika wachukuzi wa upande wa Waingereza, na wenye kuchunguza habari hizi husema idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Jeshi hilo la wachukuzi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nao wenyewe wakasema Kariakoo. Kambi zao zikabaki na jina hilo: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Watu hununua vikapu na viatu huko kila siku. Hakuna serikali iliyochonga ukumbusho ule. Ulichongwa na vinywa vya watu, na haujafutika kwa miaka zaidi ya 100.

Maktau ni mahali padogo, upepo mwingi, na lango la kuingilia mbuga ya Tsavo Magharibi. Yapo makaburi ya askari wa Kihindi, waliokufa wakiwa mbali sana na kwao. Baada ya hapo nchi inakuwa tambarare na mibuyu inaonekana. Mbuyu mmoja una sifa kuliko yote. Waongozi wa watalii husimulia kwamba ndani yake alijificha mwanamke wa Kijerumani, mlenga shabaha hodari, akilipiza kisasi cha mumewe, na huonyesha matundu ya risasi katika gamba lake. Abiria mwenzangu alinionyesha upande wake kwa kidole na kunieleza habari zake kwa furaha kubwa, mpaka bunduki ya yule mama ilikuwa ya aina gani. Nikamwuliza kama amesikia habari za watu waliokufa kwa tumbo chini ya mibuyu hii. Alifikiri, akasema, "Hapana, ndugu yangu, hiyo sijaisikia."

Mahali hapo huitwa Mbuyuni, na katika mwaka wa 1916 palikuwa na kambi kubwa sana. Nilimwomba dereva asimame. Alinipa dakika tano kwa sharti kwamba nisiende mbali, kwa ajili ya ndovu. Nikashuka, nikatazama. Palikuwa na nyasi kavu, vumbi jekundu na mbuyu wenye tundu la nyuki. Jiwe la namna yo yote sikuliona. Nikafanya jambo ambalo mwalimu wangu wa dini asingelipenda: nikamwaga chini maji yaliyobaki katika chupa yangu, nikarudi garini.

Mbele kidogo, kabla ya kufika Taveta, kuna kilima cha Salaita, kidogo mno kwa sifa zake. Wajerumani walichimba mahandaki juu yake, na alama za mahandaki hayo zinaonekana hata leo. Tarehe 12 Februari 1916 askari wazungu wa Afrika Kusini, waliokuwa wageni wa nchi hii, walitumwa kukitwaa. Hawakuwa wamewapima askari wa Kiafrika wa Wajerumani, walidhani watakimbia. Badala yake walikimbia wenyewe, na Waingereza walipoteza watu zaidi ya 170 siku ile kwa kufa na kujeruhiwa. Waliozuia kushindwa kusiwe kubaya zaidi ni Wahindi wa kikosi cha 130 cha Wabaluchi. Husimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota silaha zilizoachwa na Waafrika Kusini, wakawarudishia pamoja na barua ya heshima, wakiomba kwamba tangu siku ile wasiitwe tena makuli. Mwezi wa Machi jeshi la Jenerali Smuts likakizunguka kilima badala ya kukipanda, Wajerumani wakakiacha, na baada ya mapigano ya Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi, vita vikavuka mpaka. Vikaendelea miaka miwili na nusu hata Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza.

Kuna watu wengine wa njia hii ambao hawamo katika makaburi yo yote ya vita, nao sikuwajua kwa kusoma, niliwajua kwa kuwa wazee wa Malindi huwataja. Ni Wakasigau, watu wa mlima ule unaoonekana kusini ya Voi. Katika mwaka wa 1915 serikali iliwashuku kwamba wamewaonyesha Wajerumani njia. Ikawahamisha wote, wake kwa waume na watoto, mpaka Malindi, nchi ya joto na malaria ambayo miili ya watu wa mlimani haikuizoea, na wengi walikufa huko. Waliosalia hawakurudishwa kwenye mlima wao mpaka miaka ya 1930. Vijana wetu walipelekwa nchi yao, nao wakaletwa nchi yetu, na vita havikuwa vya mmoja wetu.

Nilifika Taveta jioni. Kesho yake nilimaliza kazi ya ofisi kabla ya saa sita, nikaenda kwenye makaburi ya jeshi, ambayo yapo mjini kabisa. Ni mazuri. Yana kivuli na ua, na mawe yana majina ya vijana wa Afrika Kusini, na vyeo vyao, na tarehe. Mzee mmoja alikuwa akipalilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unamtafuta nani?"

Nikamweleza. Aliweka jembe chini akanisikiliza hata mwisho, kisha akasema kwamba ameulizwa swali hilo na wengi, hasa watu wa kutoka Ukamba na Nyanza, na kila mmoja humjibu vile vile: wachukuzi hawamo.

Kwa nini hawamo? Zamani tuliambiwa kwamba haikuwezekana, watu walikuwa wengi na pori ni kubwa. Sasa tunajua zaidi. Mwezi wa Aprili 2021 ile tume ya makaburi ya vita ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni Waafrika na Wamisri. Ikaomba radhi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Taarifa ile ilionyesha kwamba lilikuwa jambo lililokusudiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 gavana wa Tanganyika alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wachukuzi yaachwe yarudie mwitu upesi iwezekanavyo, na wakubwa wa tume wakaona kuwa sanamu moja mjini inatosha kwa watu wa namna ile.

Kwa karani kama mimi, linalouma ni hili: watu wale waliandikwa. Mchukuzi alitiwa katika daftari, akapewa namba, kwa kuwa alikuwa na mshahara wa kuhesabiwa. Kulikuwa na makarani, tena wengine Waafrika, walioketi mezani na kuuliza, "Jina lako? Baba yako? Umetoka wapi?" Najua kazi hiyo, naifanya kila siku. Kisha madaftari yakafungwa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa jeshi la wachukuzi, aliitetea haki yao baada ya vita, lakini serikali haikukubali.

Na kwamba jambo hili laweza kufanywa, tumekwisha kuona. Mwezi wa Januari 2025 tume ile ile ilizindua ukumbusho Cape Town kwa ajili ya Waafrika wa huko zaidi ya 1,700 waliotumika bila silaha katika vita vile, wengi wao katika Afrika Mashariki hii hii. Majina yalitafutwa katika makaratasi yakapatikana. Hayakuchongwa katika jiwe. Kila mtu amesimamishiwa mti wake, nguzo ya mvule, yenye jina na siku aliyokufa.

Niliposoma habari hiyo nilicheka kidogo, maana hapo Cape Town imefanya kama Wagiriama. Sisi tangu zamani humsimamishia mti mtu aliyekufa: kigango kilichochongwa kwa mzee wa chama cha Gohu, na koma, mti mfupi usio na urembo, kwa mtu wa kawaida. Wezi wameiba vigango vingi na kuviuza ng'ambo, na katika miaka ya karibuni majumba ya makumbusho ya Marekani yamerudisha baadhi yake. Koma hakuna anayeiba, haina uzuri wa kuuzika. Babu alimsimamishia baba yake koma nyuma ya nyumba. Mchwa wakaila, akasimamisha nyingine, na baba mkubwa amesimamisha ya tatu. Haikuandikwa kitu. Lakini tembo likimwagwa pale jina hutajwa kwa sauti, na ndivyo nilivyolijua mimi, nikiwa mtoto wa darasa la pili ambaye nyumbani alikatazwa kwenda pale kwa kuwa amebatizwa, naye akaenda.

Nilipokuwa nikiaga, yule mzee wa makaburini aliniletea kitabu cha wageni. Kina mistari ya tarehe, jina la mgeni, mahali atokapo, na nafasi ya maneno machache. Nikaandika tarehe. Katika nafasi ya jina nikaandika langu. Katika nafasi ya maneno nikaandika jina la baba yake babu yangu, na jina la baba yake, na kijiji, na neno "mchukuzi". Mzee akasoma juu ya bega langu, akakichukua kitabu na kukifuta vumbi kwa kiganja kabla ya kukirudisha mahali pake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa baba mkubwa kutoa habari. Nilimwambia kwamba jiwe halipo, kwamba mibuyu nimeiona, na kwamba jina nimeliandika katika kitabu cha serikali ya makaburi. Alikuwa akisokota kamba. Hakusimamisha mikono yake.

"Umeliandika kwa penseli?" akauliza.

"Kwa wino, baba."

"Vema," akasema, akaniita nimshikie ncha ya pili ya kamba.